Bajeti ya kati Bangkok: hela inaishia saa nane mchana

Watu wakisikia umeenda Bangkok swali la kwanza ni "shingapi ilikutoka?" na mi huwa nashindwa kujibu kwa namba moja, maana Bangkok unaweza kulala kitanda cha bweni kwa baht 400 (baht ndo hela ya Thailand), ukala mtaani na ukarudi nyumbani una furaha zako, na unaweza pia kulala pembeni ya mto kwa baht 12,000 usiku mmoja. Sisi tulikuwa watu wa katikati. Mimi na Mama Nasra hatutaki bweni na hatutaki makuu, tunataka chumba kisafi chenye AC inayofanya kazi, choo cha ndani, chakula cha halali, na tusiwe tunapiga hesabu kila tukinunua maji. Hiyo bajeti ya katikati ndo ngumu kuipanga kuliko zote, kwa sababu asiyenacho anajua hana na mwenye nacho hajali, wewe wa kati una kihela cha kuchezea na hicho ndo kinayeyuka huku unakiangalia.

Kwanza tuelewane kwenye hesabu. Dola miaka hii inacheza kati ya baht 31 na 37, na kwa shilingi ya Bongo mi nilikuwa nazidisha baht mara 80 basi, inakaribiakaribia. Mkenya azidishe mara 4. Wali kuku wa baht 60 ni kama 4,800 yetu, na hapo ndo watu wanasema Bangkok rahisi, kwa sababu wameangalia sahani tu. Sahani kweli rahisi. Ila kwa nilivyoona, hela ya Bangkok haitoki kwenye sahani, inatoka saa nane mchana.

Naeleza. Sisi wa Dar tunajiona tunalijua joto, lakini Dar una upepo wa bahari, kule mji ni zege na lami na magari, mwezi wa nne linagonga nyuzi 35, 36 na unyevunyevu juu yake, na hata miezi mingine sio mchezo. Umetoka asubuhi saa tatu, umezunguka mahekalu, ikifika saa saba na nusu miguu imekufa na shati limelowa mgongoni, na kuanzia hapo kila utakachoamua ni hela: treni unaiona mbali unaita teksi, unaingia mgahawa wa kwanza wenye ubaridi bila kusoma menyu iliyobandikwa mlangoni, unakunywa juisi ya baht 120 ambayo nje pale kwenye toroli ni 30, halafu unaingia duka kubwa "kupumzika" unatoka na viatu. Hamna hata kimoja hapo ni anasa. Ni uchovu tu. Na ukijumlisha, mchana mmoja wa hivyo kwa watu wawili unakula baht 1,000 kirahisi kabisa, yaani 80,000, na jioni ukiulizwa ulinunua nini hukumbuki.

Kwa hiyo bajeti yetu tuliipanga kwa saa, sio kwa vitu. Asubuhi tunatoka mapema, saa sita au saba tunarudi chumbani tunaoga tunasali tunalala kidogo, saa kumi tunatoka tena mpaka usiku. Ukiangalia utaona mpango huo una sharti moja kubwa, chumba kiwe mahali ambapo kurudi mchana hakuna gharama. Na hapo ndo tulipovutana na mwenzangu kabla hata hatujaondoka.

Yeye alikuwa kapata hoteli ya baht 1,100, ina bwawa la kuogelea na kifungua kinywa, picha nzuri sana. Akaniita, "Baba Nasra njoo uone, bwawa liko juu ghorofani." Nikafungua ramani, kituo cha treni cha karibu ni kilomita tatu. Nikamwambia Mama Nasra, hapa kila tukitoka ni gari, na kila gari tuseme baht 120, tukitoka mara mbili na kurudi mara mbili hiyo ni karibu 500 kwa siku, hoteli ya 1,100 imeshakuwa ya 1,600 na bado hujakaa kwenye foleni. Foleni ya Bangkok naomba niseme tu kwamba mtu wa Ubungo ataiheshimu. Tukachukua ya baht 1,500 mtaa wa Ratchathewi, haina bwawa, kutoka mlangoni mpaka ngazi za kituo ni dakika chache kwa mguu. "Sasa kuogelea?" Nikamwambia tutaogelea Kigamboni. Hakucheka, ila alikubali.

Kwa nini Ratchathewi na sio Sukhumvit ambako kila mtu anakwambia ukae? Sukhumvit sio pabaya, na pale Soi 3 na Soi 3/1 (soi ni uchochoro) kuna migahawa ya Kiarabu mingi tu, utakuta Waomani na watu wa Ghuba wamejaa kwa sababu ya hospitali kubwa iliyo jirani, nimewahi kusikia Kiswahili pale kwenye meza ya nyuma yangu nikageuka. Ila bei na kelele za usiku zipo juu. Ratchathewi ni kituo kimoja tu kutoka Siam ambako mistari miwili ya treni ya juu ya BTS inakutana, na upande wa pili kituo kimoja ni Phaya Thai ambako treni ya uwanja wa ndege inaishia. Kuna gati la boti za mferejini pale Hua Chang, ukitembea. Na kwa sisi Waislamu kuna uchochoro wa Phetchaburi Soi 7 wenye msikiti wa Darul Aman, na kuuzunguka msikiti ni vyakula vya halali, mishikaki, supu, wali, roti, bei za kawaida za mtaani. Ukishuka kuelekea mferejini kuna mtaa wa Ban Krua, ni Waislamu wa Kichamu walioishi hapo enzi na enzi, ndo waliokuwa wakifuma hariri ya yule Mmarekani Jim Thompson ambaye nyumba yake sasa ni makumbusho ng'ambo ya mfereji. Kwa hiyo chakula cha jioni tulikuwa tunakipata kwa miguu kwa baht 70 hadi 100 mtu mmoja tumeshiba, wakati anayekaa mbali anayetaka halali anaanza kwa nauli.

Kwenye bei ya chumba angalieni alama ya kujumlisha mara mbili, hivi ++, baada ya bei. Maana yake huduma asilimia 10 na kodi ya VAT asilimia 7 havimo, na kodi inapigwa juu ya huduma, kwa hiyo 1,500 inakuwa karibu 1,770. Mitandao mingi ya kubuku inakuonyesha bei kamili mwisho kabisa ukishachoka kutafuta. Halafu hoteli nyingi za kati zinataka dhamana ya taslimu mapokezi, mara nyingi baht 1,000, unarudishiwa siku ya kutoka. Sio gharama lakini ni hela ambayo hunayo mfukoni muda wote, iwekeni pembeni kwenye hesabu.

Haya, kuhusu hela yenyewe. Kuna dada mmoja ana duka la nguo Kariakoo, anafuata mzigo Pratunam, mtaa wa masoko ya nguo kule Bangkok, miaka sasa, nilimpigia simu kabla ya safari akanipa somo la bure. "Kaka, dola ndogondogo usibebe. Beba za mia mia, mpya, zisiwe na mchoro wala mkunjo." Na ni kweli, maduka ya kubadilisha kule yana bei yake kwa noti ya 100 na ya 50, na bei nyingine ya chini kwa noti ndogo. Nikamuuliza kuhusu kadi, akasema, "Kadi ni ya dharura, kaka, mashine zao zinakula." Zinakula kweli, kila ukitoa pesa kwa kadi ya nje mashine inakata baht 220 au zaidi, hata ukitoa kidogo, yaani 17,600 na hujanunua kitu, bado makato ya benki yako ya nyumbani. Ukilazimika toa nyingi kwa mkupuo, na mashine ikikuuliza kama wakubadilishie wao kwenda hela ya kwenu kataa, chagua ukatwe kwa baht.

Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi ukishatoka na mabegi usibadilishe kwenye vibanda vya hapo juu, shuka mpaka chini kabisa kwenye kituo cha treni, kuna maduka ya kubadilisha yamepangana na bei zake ni karibu sawa na za mjini. Andaa pasipoti wanaitaka. Ukishapata baht zako treni iko hapohapo, mpaka Phaya Thai ni baht 45, nusu saa haifiki. Teksi ya mita inaanzia 35, kuna 50 ya uwanja wa ndege, na barabara ya kulipia unatoa wewe, jumla mara nyingi inacheza 350 hadi 450 mpaka katikati ya mji. Mkiwa watu watatu wanne na mabegi teksi inalipa. Wawili na begi moja moja, treni.

Kabla sijasahau, makaratasi. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunatakiwa kadi ya njano, chanjo ya homa ya manjano, iwe imepigwa siku 10 kabla, na pale uwanjani unapita kwanza kaunta ya afya ndo uende uhamiaji, ukienda moja kwa moja uhamiaji unarudishwa nyuma ya foleni. Viza inaombwa mtandaoni. Na kuanzia Mei 2025 kuna fomu ya kidijitali ya kuingia, TDAC, unajaza ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na ni ya BURE, nasema kwa herufi kubwa kwa sababu kuna tovuti zinatoza hela kwa kitu hichohicho. Ndege kutoka Dar unachagua kupitia Addis, Doha, Dubai au Nairobi, nauli zinabadilika kila leo kwa hiyo hapo sina cha kukuambia zaidi ya kununua mapema, na ujue Novemba hadi Februari ndo msimu wa hali ya hewa nzuri, hoteli ileile ya 1,500 utaikuta 2,200.

Sasa siku yenyewe ilikuwaje kihela. Siku ya kawaida kwa wawili: chumba 1,500, chakula 700 mpaka 900 tukijumlisha matunda na kahawa ya Mama Nasra ambayo haina mjadala, usafiri 200 hadi 250, na 300 ya lolote litakalotokea. Tuseme baht 2,900, kama 232,000 ya Tanzania kwa watu wawili. Sio bei ya chee lakini ni chumba na kushiba na kutembea mji mzima.

Ila hiyo ni siku ya kawaida. Kuna siku nyingine naiita siku ya viingilio, na kosa ambalo naliona kwenye bajeti nyingi za watu ni kuchukua hizo mbili na kuzifanya wastani. Kasri la mfalme, Grand Palace, ni baht 500 kwa mgeni. Hekalu la Wat Pho ambako kuna yule Buddha aliyelala, mita 46, ni 300. Hekalu la Wat Arun ng'ambo ya mto ni 200. Vyote vitatu viko jirani, vinafanyika siku moja, lakini hapo mmeshatoa 1,000 kila mtu, wawili ni 2,000, sawa na 160,000, kabla hujala. Mthailand anaingia kasri bure. Kuna mtu wa pembeni yetu alikuwa analalamika kwamba ni ubaguzi, mi nikanyamaza maana sisi Serengeti tunalipa shilingi na mgeni analipa dola, kule mgeni ni wewe, lipa twende.

Siku ya viingilio tuliifanya hivi. Boti ya mferejini kutoka Hua Chang mpaka mwisho wake Panfa, nauli haifiki baht 30, inakimbia kwelikweli na maji yanarushwa kaa mbali na turubai, kutoka Panfa gari fupi ya Bolt (ileile ya Dar, akaunti yako inafanya kazi) mpaka kasri, mlangoni kabla ya saa mbili na nusu wanapofungua. Mabega na miguu lazima vifunikwe, sisi hilo halikutusumbua, ila wenye kaptula walikuwa wananunua suruali zenye picha za tembo pale nje kwa bei ya aliyebanwa. Na mtu yeyote mtaani akikuambia "leo kasri limefungwa, kuna sherehe, panda bajaji yangu nikutembeze kwa baht 20", huyo anakupeleka kwenye duka la vito au la mshonaji, ni mchezo wa miaka mingi. Wewe nenda mpaka mlangoni ukaangalie mwenyewe. Kutoka Wat Pho unavuka mto kwa kivuko cha baht 5 kwenda Wat Arun. Saa saba mchana tukawa tumemaliza, tukapanda boti ya mtoni yenye bendera ya chungwa, baht 16, mpaka gati la Sathorn na treni mpaka kwetu tukalala. Jioni hatukutumia kitu zaidi ya mlo.

Halafu siku mbili zinazofuata ukazipanga za bure au karibu na bure ili mizani irudi. Bustani ya Lumphini haina kiingilio, na kuna kenge wakubwa wanatembea kwenye nyasi kama mbuzi wa jirani na hakuna anayewagusa, Mama Nasra alikaa mbali sana lakini alipiga picha nyingi. Kituo cha sanaa cha mji, kile jengo la mviringo karibu na duka kubwa la MBK, bure na kina AC, hicho kinafaa kwa mchana usiotaka kurudi chumbani. Jumamosi au Jumapili Chatuchak, soko lenye vibanda zaidi ya 15,000, kuingia bure, kutoka ndo shughuli. Kama unataka kutoka nje ya mji, treni ya daraja la tatu kwenda Ayutthaya ni kama baht 20, mji mkuu wa zamani uliojengwa 1350 na Waburma wakauvunja 1767, magofu yake yanachukua siku nzima, tena ni siku nafuu.

Kwa wanaokataa kabisa kula mtaani, panda ghorofa za vyakula ndani ya maduka makubwa, ile ya duka la Terminal 21 pale kituo cha Asok ni maarufu kwa bei, unaweka hela kwenye kadi, unanunua, inayobaki unarudishiwa, sahani ni baht 40 mpaka 80 na kuna ubaridi. Hapo ndo nilipoacha kuelewa wanaokaa mgahawa wa chini ya jengo hilohilo wanalipa mara nne.

Pratunam sasa. Tulijua tutaenda, na dada wa Kariakoo alinionya mapema: "Kaka, hela ya kula na hela ya mzigo zisilale mfuko mmoja." Pale jengo la maduka la Platinum na masoko ya kuzunguka bei ya jumla inaanzia vipande vitatu kwenye duka moja, mara nyingi unaweza kuchanganya rangi, na hapo ndo mtalii anageuka mfanyabiashara ghafla. Tuliweka baht 6,000 kwenye bahasha yake, Mama Nasra akaishika, mi nikabeba maji. Ilipoisha imeisha. Akanitazama nikaangalia dari. Alichonunua aliwauzia wenzake wa kazini na bahasha ilirudi ikiwa na ziada kidogo, lakini hiyo nasema isiingie kwenye bajeti ya kutembea kabisa, hata kama unajiamini. Na pima uzito wa begi hotelini, kuna mizani mapokezi ukiomba, maana kilo za ziada uwanjani zinaua faida yote.

Ukinunua vitu vya dukani vya bei, simu, saa, viatu, kwenye duka lenye kibandiko cha kurudishiwa VAT, na umefikisha baht 2,000 duka moja siku moja, omba ile fomu hapohapo na uwe na pasipoti. Jumla ya manunuzi ikifika baht 20,000, fomu na vitu vyenyewe vinakaguliwa na forodha uwanjani KABLA hujakabidhi begi, ukishakabidhi begi imekula kwako. Sarafu zitumieni zote, maduka ya kubadilisha hayazichukui. Na siku ya kuondoka msile juu kwenye migahawa ya abiria, shukeni ghorofa ya 1 upande wa mlango namba 8, kuna ukumbi wanaokula wafanyakazi wa uwanja, unanunua kuponi dirishani, chakula bei ya mtaani, tulimalizia baht zetu pale na bado ndege ilikuwa haijaitwa.